Matanga katika Hesabu ya Daktari

Mahajanga, Alhamisi

Na hesabu yenyewe imepangwa vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Daktari Mfaransa amekokotoa jinsi tauni inavyoenea mtaani kwetu Tanambao, na jawabu la chanzo chake limeangukia nyumba yangu. Itachomwa moto Jumamosi.

Amemhesabu kila mgonjwa pale alipolala. Hajui kwamba waliolala kwangu walikuja kwa matanga ya dada yangu, wakiwa na homa tangu kwao.

Nikimweleza, atapiga marufuku matanga mji mzima. Nikinyamaza...

“Sema, bwana!” amenikemea mke wangu. “Au tutahamia ndani ya hesabu yake?”

Nimemwambia anyamaze. Naogopa.

Baada ya isha jirani amebisha hodi. Amefiwa na mama yake, nyumba yake ni ndogo. Je, waombolezaji walale kwetu?

Nimemjibu, “Karibuni.”