Utando Uliokauka Pembeni

Jumatatu, 8 Julai
Vyungu sita leo. Nimefinyanga nimekaa, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kidonda cha chini ya kidole kidogo bado kiko wazi, miezi mitano sasa. Sukari ya asubuhi si mbaya. Wanawake wa kikundi walikuja kuchukua udongo. Chungu cha Rehema kimepasuka juani, nikamcheka mbele ya wenzake. Nimemwambia mara ngapi? Chungu kibichi hufunikwa jani la mgomba, hunyunyiziwa maji, hukauka taratibu. Ana haraka yule.

Ijumaa, 12 Julai
Kyela, hospitali. Wameniwekea utando juu ya kidonda. Umetoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua kwa upasuaji, akakubali litumike. Umesafishwa, umekaushwa, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mama huyo simjui, nami nimemvaa mguuni. Daktari anasema kwingine wanajaribu hata seli shina, zile zinazoweza kugeuka ngozi mpya. Hapa tuna utando, nao ni haba. Ukishika, mguu unabaki. Usiposhika, tutaongea habari za kukata. Kasema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Aliyeuweka ni nesi Tusekile. Binti mpole, mikono myepesi. Nisifungue, nisiloweshe, mpaka Ijumaa ijayo. Akataka niyarudie masharti kwa sauti. Nikayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani nilikaa nyuma. Mguu unawasha. Jioni nimefungua bandeji kidogo, kuchungulia tu. Utando umekauka pembeni, umekunjamana. Nimeogopa sana. Nakijua kitu kinachokauka haraka, najua kinavyoishia.

Jumatatu, 15 Julai
Nimefanya. Maji ya ziwa kiganjani, nikanyunyiza. Jani changa la mgomba juu yake, bandeji juu ya jani. Nimejiona fundi. Hao madaktari wamekausha vyungu vingapi?

Alhamisi, 18 Julai
Kinanuka.

Ijumaa, 19 Julai
Alfajiri nililitupa jani, nikafunga bandeji safi. Daktari alifungua. Usaha. Utando umekuwa uji. Akaniuliza, mama, umelowesha? Nikasema hapana. Umefungua? Hapana. Mara mbili, macho makavu.

Basi akamgeukia Tusekile. Kwamba hakusafisha kidonda vizuri kabla ya kuweka. Mbele yangu. Binti akatazama sakafu, akasema samahani daktari. Kisha akainama kunifunga mguu, akanishukuru kwa Kinyakyusa kwa kuvumilia maumivu. Ndaga fijo, mama. Mimi ndiye niliyeshukuriwa.

Nimerudi na vidonge vya siku saba. Naona aibu. Naiandika nisije kujifanya nimesahau.

Jumapili, 21 Julai
Leo meza ya Bwana. Sikwenda mbele. Rehema alidhani ni mguu, akataka kunishika mkono. Nikamfokea.

Mchana Tusekile alipiga simu kuuliza kama nina homa. Nikamuuliza habari za kazi. Ameondolewa chumba cha vidonda, yuko mapokezi anapanga mafaili. Alicheka kidogo alipokuwa akisema. Hanishuku hata chembe.

Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wasemavyo. Mimi maradhi nimemwonyesha kila mtu. Nilichoficha ni ujinga, na anayeumbuka ni mtoto wa mwenzangu.

Nikisema watanicheka. Mama wa vyungu kafunika mguu wake jani la mgomba! Lakini si kicheko tu. Daktari akijua, huenda asinipe utando mwingine. Ukweli ni huo, naogopa kukatwa mguu. Nimemweka binti wa watu mbele ya kisu changu.

Jumanne, 23 Julai
Nimesema. Nilipita mapokezi kwanza, nikamwomba Tusekile aingie nami. Nikaeleza yote: jani, maji ya ziwa, chungu. Nilikuwa nikiongea na meza. Daktari hakucheka. Afadhali angecheka. Aliandika muda mrefu, kisha akamwambia Tusekile, nimekukosea, rudi kwenye kazi yako. Kwangu akasema kidole kimekwisha, kitatolewa. Utando mwingine ni mpaka usaha uishe, na usipoisha ni mguu.

Tusekile alitoka kabla yangu, na nilistahili hivyo.

Jumatano, 31 Julai
Kidole kimetolewa. Vinne vimebaki.

Ijumaa, 16 Agosti
Usaha umekwisha. Utando mwingine umepatikana. Ameuweka Tusekile, mikono ile ile. Safari hii hakutaka nirudie masharti. Aliuliza tu, mama, chungu kikishaingia motoni, huwa unakitoa kukiangalia? Nikasema hapana, mwanangu. Akasema haya, na akaita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 18 Agosti
Nimekwenda mezani kwa Bwana, kwa fimbo. Baadaye Rehema alileta chungu kingine kimepasuka mdomo. Sikumcheka. Nilimwonyesha mguu, nikamsimulia kila kitu, na habari ya Tusekile pia. Akachota udongo wake akaondoka. Kesho kikundi kizima kitajua, na wajue.

Jioni hii bandeji imelegea kidogo upande mmoja, ukingo wa utando unaonekana. Umekauka. Umekunjamana. Ndoo ya maji iko hapa mlangoni. Nimevaa soksi juu ya bandeji, nimekaa.