Kumi la Kuazima

Shoga, acha unachofanya usome! Yule mwalimu wa darasa ninayemsaidia, Bwana Najua, leo kaumbuka mbele ya mkaguzi!

Mkaguzi alikuja kuamua kama mimi msaidizi nibaki au nifungashe virago. Asubuhi bwana kanitupia vijiti vyangu vya kuhesabia: "Peleka kuni zako jikoni, dada." Nikasema haya, kaka.

Mkaguzi alipoketi nyuma ya darasa, bwana akaandika ubaoni 42 kutoa 17. "Mbili haitoshi kutoa saba, tunaazima kumi kwa jirani." Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutalirudisha lini?"

TUTALIRUDISHA LINI! Niliuma ulimi nisicheke.

Akajibu, "Kesho." Kesho, shoga! Mkaguzi akavua miwani. Bwana akanigeukia macho yakiomba msaada. Mimi nikahesabu mbao za dari.

Mkaguzi akauliza darasa, "Nani atanieleza?" Binti yuleyule akasimama: "Hatuazimi, tunafungua fungu la vijiti kumi. Dada ndiye aliyetufundisha, mwalimu alikuwa nje anaongea kwa simu."

Mkaguzi akaniambia, "Mwalimu, endelea wewe."

Nikachukua chaki. Nikamgeukia bwana kwa adabu zote: "Kaka, hebu nifutie ubao."

Akafuta!