Ohm Nane na Majina ya Alhamisi

Mshauri wangu wa gazetini, nakuandikia wewe kwa sababu hapa mtaani sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani, naitwa Feruzi, na tangu siku za uasi mimi ndiye sikio la avenue yetu, maana wakati ule kufungulia radio kwa sauti kulikuwa kujitafutia kifo, ikawa desturi mtu mmoja avae visikilizio kichwani, asikilize peke yake, kisha awapashe wengine, na vita vilipopita desturi ikabaki, hasa Alhamisi alasiri, kituo cha ng'ambo kinaposoma majina ya watu waliopotea mwaka wa sitini na nne na sasa wamepatikana nje ya mpaka. Visikilizio vilikuwa vya rafiki yangu Jafari, vimeandikwa ohm 2000, lakini tuligombana akavichukua, nami nikajinunulia vya rubani pale uwanja wa ndege wa Simi-Simi, vizito, vya ngozi, vimeandikwa ohm 8, nikajisifu kwa wateja kwamba namba ndogo ni ukinzani mdogo wa umeme, na ukinzani mdogo ni sauti safi, Jafari akacheka mbele ya watu wote, "Tonton Feruzi amevaa kofia ya rubani, alors ndege iko wapi?" Kwa hiyo nilipovivaa nikasikia sauti kama ya mbu ndani ya chupa, sikumwambia mtu.

Jirani yangu Mama Hélène, mume wake Constant, fundi wa mashine za boti, hajaonekana tangu Novemba ya mwaka ule wa uasi. Alhamisi tano mfululizo alisimama mlangoni pangu akauliza, "Papa Feruzi, jina iko?" na mara tano nilimjibu, "Hapana, mama, leo haiko," nami sikuwa nimesikia hata jina moja. Alhamisi ya sita nilijishusha, nikaazima vile vya Jafari, radio ile ile, betri zile zile, majina yakaja wazi, la Constant halikuwemo, kisha msomaji akasema orodha zimekwisha. Donc kama jina lake lilisomwa, lilisomwa katika wiki zangu tano, maana kabla yake, kwa vile vya Jafari, sikuwahi kulisikia. Ndugu za Constant wanatoka Isangi mwisho wa mwezi huu kuja kufunga kilio. Siku hiyo Hélène atanyolewa nywele, atakuwa mjane, na nyumba itarudi kwa ukoo. Niambie, mshauri, namba ya ohm inabadilisha kweli sauti, au masikio yangu yamezeeka? Nikijua hilo nitajua kama nina kosa.

*

Feruzi,

Tuanze na ohm, maana ndiko ulikojificha. Nilipeleka swali lako kwa Papa René, aliyekaa miaka ishirini katika chumba cha telegrafu. Anasema namba peke yake haina uzuri wala ubaya. Radio kama yako, ya lampu na si ya transista, inayopeleka umeme wake mdogo moja kwa moja masikioni, ilitengenezwa kwa visikilizio vya ohm elfu mbili au zaidi. Ukiiwekea vya ohm nane, nguvu karibu yote hupotea njiani. Kisha akafunga transfoma ndogo katikati, ya kupatanisha ohm nane na radio, akanifunga kitambaa machoni, akanibadilishia visikilizio, vya nane na vya elfu mbili, mara kumi. Nilikosea mara tano. Basi wanaojigamba kwamba wanazisikia ohm wanatudanganya. Kinachosikika ni kama chombo kinapatana na radio au hakipatani. Chako hakikupatana. Masikio yako ni mazima.

Umefurahi? Mapema mno. Ohm nane zilikunyima sauti. Hazikukutuma umwambie mwanamke kwamba jina haliko. Ulikuwa na maneno mawili ya kweli, "sikusikia vizuri", ukayameza kwa kuogopa kicheko cha Jafari. Mwaka ule ulihatarisha shingo yako ili majirani wajue barabara ipi ina bunduki, na hilo sikunyang'anyi. Lakini mji huu umezika watu wengi mno kwa taarifa za waliojifanya wanajua. Umeuliza kama una kosa. Unalo, na halipimwi kwa ohm.

Nenda kwa Hélène leo. Umwambie kwamba Alhamisi tano hukusikia kitu. Usimwambie mumewe yu hai. Hilo pia hulijui. Keti naye mwandikie kituo kile, muombe orodha za wiki hizo tano kwa maandishi. Kisha panda boti uende Isangi, wewe mwenyewe, si kwa kutuma mtu, uwaambie ndugu za Constant wasifunge kilio mpaka jibu lije. Watakutukana. Kaa usikilize, hiyo ndiyo kazi uliyojichagulia. Na ukirudi, iweke radio mezani na kipaza sauti chake, kila mtu asikie kwa masikio yake.

Wengine wanaoniandikia huomba nifiche majina yao. Wewe hukuomba, nami sikuficha. Gazeti hili litafika avenue yenu Jumamosi asubuhi, saa nne, na Hélène anajua kusoma. Nimekupelekea nakala hii Alhamisi ili umtangulie.