Matoka Nyuma ya Jiko

Murera,
Jumapili jioni

Kwako Maitu,

Pokea salamu za mwanao Kagwe. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na kwamba huko Kiganjo dada yangu Wangechi hakunyimi chai yenye maziwa ya kutosha. Mimi ni mzima. Kuku nao ni wazima, ila yule jogoo mkali bado ananichukulia kama mgeni. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na Wangechi akikusimulia habari huzipamba. Wangechi, tafadhali soma kama ilivyo.

Tangu uondoke kwa hasira, kesi ya mpaka haijalala. Jirani yetu Njau hakubadilisha neno. Tinga lake lilipofyeka yale maua ya matoka mliyopanda wewe na marehemu mkewe, Magdalene, kuonyesha mpaka, aliendelea kusema mstari unapita katikati ya jiko lako. Wewe ulisema unapita nyuma yake, naye akasema umri umekuchanganya. Najua hilo ndilo lililokutoa nyumbani.

Bridget, mwenyekiti wa nyumba kumi, akaita kikao. Kiama, kijana wa Njau aliye chuo kikuu, akatuambia tusigombane, kwani kila mtu ana ukweli wake: wewe una wako, babake ana wake. Watu wakapiga makofi. Nikamuuliza kama hilo alilosema ni kweli kwetu sote au kwake tu. Akasema nimerithi ubishi wako. Nilimshukuru.

Unakumbuka kile kitabu cha falsafa nilichonunua kando ya barabara Ruiru, kisicho na kurasa za mwisho? Humo wako wasemao neno ni kweli likilingana na mambo yalivyo. Wengine, likipatana na mengine tunayoamini. Wengine, likitufaa maishani. Sijui nani alishinda. Kamati ya Bridget iliyosikiliza kesi ilipata njia yake: Njau aliwapeleka Kamakis wakala nyama choma, wakarudi wamekubaliana kwamba jiko livunjwe ili tuishi kwa amani. Hapo niliogopa. Kama kila mtu ana ukweli wake, utakaopita ni ule wenye tinga.

Halafu mvua ikanyesha. Alhamisi nilikuwa napalilia, nikaona majani manene ya kijani yametoboa udongo. Moja, kisha lingine mbele yake, yamejipanga kama watoto wa shule. Kumbe tinga lilikata majani tu, mizizi ya matoka iliyo kama vitunguu ikabaki chini. Yalikuwa nyuma ya jiko, Maitu. Palepale uliposema. Nilikaa kwenye matope nikacheka peke yangu. Hujachanganyikiwa hata kidogo.

Lakini mstari haukuishia hapo. Karibu na ua ulikata kona, ukauacha mti wetu wa avokado upande wa Njau. Jembe lilikuwa mkononi na hakuna aliyeniona. Kwa dakika chache nilikuwa mfuasi mwaminifu wa Kiama. Kisha nikawaza, nikiyang'oa haya, hata yale ya nyuma ya jiko yatakuwa maoni yangu tu. Nikaenda kumwita Njau.

Alikuja na gambuti zake miguuni, akayafuata matoka mpaka mwisho, akavua kofia. Akasema atakuja Kiganjo mwenyewe kukuomba msamaha. Kuhusu avokado alicheka sana. Kumbe Magdalene alikuwa akituona tukichuma, akamwambia awaache watoto wajilie tu. Ndipo nikakumbuka ulikuwa ukitutuma Njau akiwa kanisani. Na katika kesi hii yote umeapa juu ya jiko, lakini juu ya mti hukutamka neno. Wangechi, hapo usiruke.

Basi rudi, Maitu. Jiko nimefagia, kuni zimekauka, moto nimekuachia wewe. Bridget anakusalimu, na anasema yeye alijua tangu mwanzo. Huo ni ukweli wake. Avokado zilizo kwenye mfuko huu kula bila wasiwasi. Safari hii mwenye mti ndiye aliyechuma.

Mwanao mbishi,
Kagwe