Mume Wangu Anataka Kumchoma Farasi Wetu Ganzi Kabla ya Mbio

Mpendwa Shangazi Tsonka,

Hujambo, na kifua chako kinaendeleaje? Wiki iliyopita tulikusikia redioni ukikohoa, nikamwambia mume wangu mama huyu anahitaji asali na chumba chenye moto. Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe, isipokuwa mmoja, na ndiye anayenifanya nikuandikie.

Naomba msaada wako, shangazi, kwa sababu Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Theodori, siku ya mbio za farasi, na kijiji kizima kimechangamka, wanaume wanachana mikia ya farasi na kubishana njiani, na kila anayebishana anamtaja farasi wetu jike, Vihra, maana mwaka jana aliwaacha wote nyuma, hata dume jeusi la shemeji yangu Kalin, ambaye siku zote alikuwa akitutania, "Huyo wenu wa kukokota kuni, shemeji, mrudishieni mkokoteni wake." Mimi ni mwanamke wa kanisani, lakini siku ile nilipiga kelele pale uzioni hadi kitambaa kikanidondoka kichwani, na nisikufiche, nazipenda mbio zile kuliko harusi.

Mwaka huu anakuja mzee Mincho, mfugaji wa kule bondeni, amesema Vihra akishinda tena atanunua kila mtoto atakayemzaa, na kwetu hiyo ina maana Zhivko, mume wangu, hataenda tena Ujerumani kila kiangazi kuchuma matunda ya watu akarudi mgongo umepinda. Lakini Jumatatu nilimshika Vihra mguu wa mbele wa kushoto, nikakuta una joto na umevimba nyuma, na akikanyaga jiwe anauinua. Zhivko akaniambia, "Usimwambie mtu. Ipo sindano ya ganzi, nitamchoma asubuhi ya mbio, hatasikia kitu." Nikamwuliza, "Na mguu je, utapona kwa kutosikia?" Akasema, "Wewe sali, Nedyalka. Kumpanda niachie mimi."

Sasa ungamo langu. Ni mimi niliyemfunga Vihra uzi mwekundu mguuni, mnene, mizunguko mingi, watu wadhani ni wa kumkinga na jicho baya kumbe nafunika uvimbe. Kalin akapita akasema, "Yaani mnaogopa macho yangu kiasi hicho?" nikacheka naye. Na Jumamosi alfajiri naoka mikate yenye alama ya kwato, niigawe nyumba kwa nyumba, kila jirani aniambie farasi wenu na wawe na afya, nami niitikie amina, halafu padri amnyunyizie Vihra maji ya baraka. Nitaitikiaje, shangazi? Nikienda kwa kamati ya mbio namwaibisha mume wangu mbele ya kijiji, nikinyamaza sijui nitasimamaje kanisani. Tafadhali nijibu upesi, siku zimebaki chache.

Nedyalka

Nedyalka mpenzi,

Kifua kimepona, asante, na barua yako imenifanya nikae wima kitini. Nakuelewa. Mimi pia nikisikia kwato naacha sufuria jikoni. Lakini ule uzi ulinichukiza, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi na si dada yako.

Mama, maumivu ndiyo yanayomwambia farasi asimame. Nilipokuwa msichana nilimwona mmoja aliyechomwa ganzi. Mguu ulikatika kwenye kona, naye akaendelea kukimbia na kile kilichobaki, kwa kuwa hakuna kilichomwambia. Aliyempanda alilala hospitali hadi mavuno. Zhivko anataka kukaa mgongoni mwa mnyama wa namna hiyo, na wewe umeambiwa usali tu?

Tena hesabu yenu ni mbovu. Mincho hanunui kikombe cha ushindi, ananunua watoto, na jike aliyevunjika mguu hazai. Mfugaji kama yeye akishika mguu ule baadaye akagundua mlimdanganya, hatarudi kwenu hata mkimpa bure.

Kwa hiyo fungua uzi leo, kabla hujala. Mwite daktari wa mifugo, Zhivko awepo asikie kwa masikio yake. Usiende kwa kamati peke yako. Mpe mumeo hadi Ijumaa mchana aliondoe jina la Vihra kwenye mbio yeye mwenyewe, na umwambie wazi kwamba asipokwenda utakwenda wewe. Atanuna. Mpikie maharage, mwache anune. Kisha mpigieni Mincho kabla hajafunga safari, mwambieni ukweli, mwalikeni aje amwone Vihra akitembezwa kwenda kubarikiwa, na ashike mguu mwenyewe. Huenda akakataa. Basi Zhivko ataenda Ujerumani kiangazi kimoja zaidi, na mtakuwa na farasi, na utakuwa na mume.

Kalin atawacheka. Mpe mkate, akisema wawe na afya, itikia amina kwa sauti.

Niandikie mara tu daktari atakapotoka zizini.

Shangazi Tsonka