Asheri, Hukulisikia Jibu la Yudith

Mwaka umetimia, Asheri, tangu utuache na godoro lililoshonwa upande mmoja, na hadi leo hatujui tushangae lipi kwanza: kufa kwako ghafla vile, au uliyoyafanya kabla hujafa.

Wasiokujua wajue hivi. Ulikuwa fundi wa magodoro ya sufi hapa Pongwe. Sufi ilikujaa nyweleni, kwenye nyusi, mpaka ndani ya chai. Mgeni akikuona mara ya kwanza alikuamkia shikamoo mara mbili, moja yako na moja ya babu yako. Mtu akililalia godoro lako Jumamosi jioni, kengele ya Jumapili haikumpata, na wapo wanaosema hata ya Jumatatu. Kila mtoto aliyezaliwa mtaani, wa Kikristo au wa Kiislamu, ulimshonea mto mdogo ukampelekea mwenyewe, na mama yake alipotaka kushukuru ulikuwa umeshakata kona.

Halafu zile sala zako. Mzee wa kanisa Asheri akianza kuomba kwenye jumuiya ya Jumatano, kuku wa jirani walirudi bandani wakidhani siku imekwisha. Ukifika kwa Yudith ulishusha sauti. "Na mwanangu aliyepotea, Bwana, wewe unamwona." Hapo watu walilia, na Amina ziliitikiwa mpaka bati likatikisika.

Yudith, mtoto wenu wa pekee, aliolewa na Rama, kijana wa Kiislamu wa Ushongo, kule ng'ambo ya mto Pangani. Wazee wa kanisa mlikaa mkamtenga, na wewe mkono wako ulikuwa juu kama mikono ya wenzako. Hukukanyaga kwake tena. Mkeo Kristina alizungumza naye kwa simu nyuma ya nyumba, na kila Jumatano alikaa akisikiliza binti yake akiombewa, akitamani jambo moja tu: mwanawe na mumewe wakae kwenye mkeka mmoja kabla kifo hakijamchukua mmoja wao.

Kwaresima ile ya mwisho, watu walipotawanyika, Lea wa mtaa wa pili alikushika mkono. "Mzee, leo ulipomtaja Yudith umetukata maini. Umezidi siku zote."

Ukatabasamu, Asheri. Kristina alikuona. Uliingia ndani ukiimba.

"Baba Yudith," akakuuliza akikusanya vikombe, "mtoto wa Yudith anaitwa nani?"

Ukasimama mlangoni.

"Kumbe ana mtoto?" ulisema.

"Anatembea sasa."

Chai yako ilipoa. Siku zilizofuata ulishona bila kuimba, na Kristina alijua kuna kitu kinakutafuna, ila hakuthubutu kukigusa.

Ikaja Jumapili ya kurudi kundini, siku ambayo waliotengwa husimama mbele ya usharika, wakatubu, wakapokelewa tena kwenye Chakula cha Bwana. Walisimama mabinti wawili waliobeba watoto, na Jumbe aliyekuwa akipenda gongo kuliko ugali. Mchungaji alipofungua kitabu, wewe uliinuka kwenye benchi la wazee, ukaenda ukajipanga baada ya Jumbe.

Kristina, upande wa kina mama, alinyoosha shingo akuone vizuri.

"Mama Yudith, kuna nini?" Lea alimnong'oneza.

"Sijui."

"Hujui, na unalala naye? Ana mke Pangani huyo. Anasema anafuata sufi kule; sufi gani inamchelewesha vile?"

Mchungaji aliteremsha kitabu. "Mzee Asheri, rudi ukae. Wewe unawapokea wanaorudi."

"Leo mimi ndiye ninayerudi."

"Ulitoka lini, mzee wangu? Mbona hatukuona?"

"Hata mimi sikuona, Mchungaji. Nilikuwa nimekaa pale mbele."

Wengine walicheka. Wewe hukucheka. Ukageuka, ukatutazama, na sauti iliyotoka haikuwa ile tuliyoizoea. Ulisema umejikagua moyo ukakuta jambo la kutisha. Kila ulipomtaja binti yako, Amina ziliongezeka, nawe ukazipenda, basi ukawa unamtaja. Ulisema kama Yudith angerudi siku moja ungekosa cha kuombea, na kwamba mahali fulani ndani yako, mahali usipotaka kupaangalia, ulikuwa unataka abaki amepotea. Ulisema ukipiga magoti peke yako huna neno hata moja.

Kristina alifunika mdomo kwa khanga, maana alitaka kukupiga na kukukumbatia, na hakujua lipi lije kwanza.

Mchungaji alifunga kitabu, akasema, "Mzee, hapa mimi sina la kukufutia. Nenda kwa Yudith kwanza. Meza ya Bwana itakungoja."

Siku hiyo hukula Chakula cha Bwana. Kesho yake wewe na Kristina mlivuka Pangani kwa pantoni, na njia nzima ulikuwa unachezesha midomo.

"Unapanga hotuba?" Kristina akakuuliza.

"Maneno machache tu."

"Baba Yudith, nakuomba kitu kimoja. Tukifika, usiombe."

Rama ndiye aliyewapokea. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Karibuni." Yudith alikuwa anapara samaki uani, na hakuinuka.

"Umekuja kunirudisha?" alikuuliza.

"Hapana. Nimekuja kuuliza mtoto anaitwa nani."

Kisu kilisimama. Mtoto mwenyewe ndiye aliyejibu, akiwa amemshika Rama mguu: "Hasina."

Ukakaa chini pale pale kwenye magamba. Ukamwambia Yudith yote uliyoyasema kanisani, bila kujipamba, na Kristina alisimama na mkoba wake begani, asijue kama atauteremsha. Yudith alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo niliyajua, baba. Watu wa Pongwe walinipigia simu kuniambia nimepotea vipi wiki hii." Akaosha mikono. "Karibuni mle. Hilo la kusamehe, siwezi kulisema leo."

Mkala, kwenye mkeka mmoja. Ulirudi tena, na tena, na kila uliporudi uliuliza kama umesamehewa, na kila mara Yudith alikujibu lile lile: "Kula kwanza, baba." Ukaenda mezani kwa Bwana ukiwa bado hujajibiwa, maana Mchungaji alisema kazi yako ilikuwa kuomba msamaha, si kuudai. Kwenye jumuiya, ukipewa zamu, ulisema, "Baba, tuhurumie," ukakaa. Fanueli, mdogo wako, aliapa kwamba kuku wa jirani walitoka nje kuangalia kulikoni. Watu walidhani imani imekupungua. Kristina hakudhani hivyo, kwa sababu alikusikia mchana ukiwa peke yako na sufi, unaongea na Mungu taratibu kama mtu anayeongea na jirani, na hukuwa unaharakisha.

Kisha ile Alhamisi. Kristina alikuletea chai akakukuta umeegemea godoro, sindano mkononi. Alikuita mara nyingi. Hadi leo akipita pale mlangoni huwa anasita.

Yudith alikuja na Rama na Hasina. Makaburini, ndugu walipopewa nafasi ya kusema neno, alisogea mbele bila kuitwa.

"Nilimsamehe siku ile ile alipouliza jina la mtoto," alisema. "Sikumwambia. Nilipenda anavyokuja akiwa mnyonge, akiniomba. Kila akiondoka nilijisikia mkubwa. Nikasema nitamwambia Pasaka."

Waombolezaji walitazamana. Mchungaji aliinamisha kichwa. Kristina, aliyekuwa ameshikiliwa na Lea, alijinasua, akatembea mpaka kwa mwanawe, akamshika mkono, akasimama naye hapo hapo mpaka udongo wa mwisho.

Asheri, ndiyo maana tumeandika. Yudith ametuomba tuliweke hapa, mbele ya watu, kwa maneno yake: "Baba, jibu lilikuwa ndiyo. Ni mimi niliyekuficha."

Tunaokukumbuka ni mkeo Kristina, binti yako Yudith, mkweo Rama, mjukuu wako Hasina, mdogo wako Fanueli na jumuiya nzima ya Pongwe. Hututoki moyoni, leo wala siku yoyote tutakayojaliwa kuamka.