Nimeahidi Kuvuta Boti ya Bosi Mpaka Wales

Mpendwa Mama Zipporah, msaada naomba, ingawa kusema kweli mimi si mtu wa kuomba msaada, ni mtu wa kuombwa, na hata shule niliiacha darasa la saba nikiwa nimeshajua yote niliyohitaji. Naitwa Protas, kwetu ni Mtito Andei, nilikuwa utingo wa malori kati ya Mombasa na Malaba miaka mitano, kisha dereva miaka miwili, na hakuna mzigo unaoweza kuniambia kitu. Sasa nina mwaka mmoja na miezi minne hapa London, nakaa Tottenham kwa dada yangu Mwende, mtoto wa mama mkubwa, na nafanya kazi Harrow kwa Mzee Alkesh, Mhindi wa Kisumu mwenye karakana ya matairi.

Basi Mzee Alkesh amejinunulia boti ya kuvulia samaki, anataka ifike kwa mwanawe huko Wales, na mbele ya karakana nzima akauliza nani anamjua mtu wa kuivuta, nami kabla hajafunga mdomo nikasema, "Mzee, hiyo ni kazi yangu ya asubuhi moja, Jumamosi itakuwa imefika." Akanitazama juu ya miwani. "Protas, una hakika?" Nikamwambia, "Mimi nimeteremsha mabomba mteremko wa Mazeras breki zikilia, boti ni nini?" Akafurahi, akasema nikiifikisha salama atanipa usukani wa gari la kazi, na Jumapili nikawatangazia kanisa zima.

Halafu Gires, Mkongo ninayefunga naye matairi, akaja na futi yake, akapima trela mita mbili na robo, akapima boti mita tatu na sentimita kumi. "Kaka, boti inatoka mbavu, huku polisi watakushika." Nikamwambia kwetu kinachochomoza unakifunga kitambaa chekundu na safari inaendelea, na kitambaa nimeshanunua soko la Woolwich, kinang'aa mpaka Gires mwenyewe alikionea wivu.

Shida ni gari. Lenye ndoano ya kuvutia trela ni la Mwende, analitumia kuwazungukia wazee anaowahudumia majumbani, na nilipomwomba akasema, "Hilo gari ndiyo kazi yangu, Protas. Usiliguse." Sasa Jumamosi atashinda kwenye mazoezi ya kwaya, na ufunguo wa akiba najua unapokaa. Leseni yangu ya Kenya ninayo, ya lori kabisa, ingawa hapa bado sijaendesha kwa sababu treni ziko kila mahali. Nikirudisha maneno nitachekwa kutoka Harrow mpaka Tottenham. Je, nilichukue? Na mpaka wa Wales una kituo kama Malaba, au napita tu?

Ni mimi Protas, dereva wa kweli.

Dereva wa kweli,

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Tuanze na boti. Hapa mzigo ukizidi upana wa mita mbili na sentimita tisini, polisi wa kila eneo utakalopita wanapewa taarifa siku mbili kamili za kazi kabla ya safari, na London mpaka Wales ni maeneo kadhaa, kila moja na polisi wake. Mpakani hakuna kituo wala wa kukuuliza karatasi. Hilo ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu karatasi zinatakiwa kabla hujawasha gari. Kitambaa chako mpe mtu ashonee mto. Mzigo mpana una alama zake za kisheria, trela nzito inataka breki zake, na uzito wote usizidi uwezo wa gari. Umepima uzito? Hujapima. Katika barua yako nzima aliyepima kitu ni Gires.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Leseni ya Kenya inakuruhusu kuendesha hapa miezi kumi na miwili tangu uhamie. Wewe una kumi na sita. Kwa hiyo, mwanangu, hata boti ingekuwa nyembamba kama upinde, wewe si dereva huku. Ukishikwa huna leseni, bima haikuhusu, na polisi wanaweza kulichukua gari pale pale barabarani. Kulichukua bila ruhusa ya Mwende nalo ni kosa la jinai, awe dada yako au asiwe. Jumatatu wazee wake wangemngoja kitandani, naye yuko kituo cha basi anatafuta la kumwambia mkuu wake.

Uhodari wako siukatai. Aliyefunga mizigo miaka mitano ana mikono inayojua kazi. Kwa hiyo kesho, kabla hujavaa ovaroli, mwambie Mzee Alkesh atafute kampuni ya kusafirisha boti, wao ndio watakaowaandikia polisi. Omba boti uifunge wewe. Leo hii omba leseni ya mwanafunzi, uufanye mtihani wa hapa kama sisi wote tulivyofanya. Mimi nilianguka mara mbili.

Jumamosi panda gari la hao wasafirishaji kama abiria, wakikukubalia. Gires akikuuliza mbona hushiki usukani, mjibu kwa maneno mawili: sina leseni. Atakucheka mpaka Jumanne hivi. Mwende atakuwa bado ana kazi.